Mashine ya Kuchomea CD Imekufa: Tununue Ipi?

SOMO LA UFUNDI WA NYUMBANI



Leo tutajifunza jinsi ya kuchagua mashine ya kuchomea CD, pale ile ya zamani iliyomo ndani ya kompyuta inapokufa. Someni pole pole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadiliana.

Pengine ndugu mmoja atauliza: "CD za nini siku hizi? Watu wana simu, wana flashi." Swali hilo ni zuri. Ni kweli kwamba kompyuta nyingi mpya zinatoka kiwandani bila mashine hii. Lakini ingia katika nyumba zetu, kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River, kisha utazame juu ya kabati. Utakuta CD na DVD zimepangwa. Hii ni harusi ya binti. Hii ni kipaimara cha mtoto. Hii ni mazishi ya babu. Hizi ni nyimbo za kwaya ya mtaa. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki imo humo tu, wala haipo mahali pengine.

Sasa CD nazo huzeeka. Hupata mikwaruzo, huungua kwa jua, hufifia. Kama sauti ya babu imo katika CD moja tu, na CD hiyo ikafa, basi sauti ile imepotea. Hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo mashine ya kuchomea CD bado ina kazi mbili. Ya kwanza ni kusoma CD za zamani ili tuzitolee nakala. Ya pili ni kuchoma CD mpya kwa ajili ya jamaa wanaotumia deki nyumbani. Mashine hiyo ikifa tukanunua nyingine mbovu, tunapoteza mara mbili: fedha ya kikundi na kumbukumbu zetu.

1. TUKIFAHAMU KIFAA CHENYEWE

Mashine hii ina majina mengi. Wengine wanaiita raita, wengine draivu. Katika somo hili tutaiita KICHOMEO.

CD za kwanza ziliuzwa mwaka 1982. Ziliundwa na kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Hapa kwetu mambo haya yalichelewa kufika, kwa sababu mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Zuio hilo lilikuja kuondolewa, na katika miaka ya 1990 vifaa hivi vilianza kuenea mijini.

Kichomeo hufanyaje kazi? Ndani yake kuna taa ndogo yenye mwanga mkali sana, uitwao leza. Mwanga huo unapita katika kioo kidogo kiitwacho lenzi. CD tupu ina tabaka la rangi maalum. Leza inapoipiga rangi ile kwa joto, inaacha alama. Ni kama mfugaji anavyopiga chapa ng'ombe kwa chuma cha moto. Alama hizo ndizo zinazosomwa baadaye kuwa sauti, picha au maandishi. Ndiyo maana tunasema KUCHOMA CD.

Alama hizo zimepangwa katika mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Mistari hiyo imebanana sana: ndani ya milimita moja tu ya CD kuna mizunguko 600 hivi. Mstari wote ukinyooshwa unapita kilomita 5, ambao ni mwendo wa saa moja kwa miguu! Katika DVD mistari imebanana mara mbili zaidi. Kwa hiyo CD moja inabeba muziki wa dakika 80, na DVD moja ya kawaida inabeba mzigo wa CD zaidi ya sita.

Hapo mnaona kwa nini vumbi dogo tu linaharibu kazi. Lenzi inatakiwa kufuata mstari mwembamba kuliko unywele, tena CD inazunguka kwa kasi. Na sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunalijua vumbi letu. Udongo wa volkeno ukikauka, unapepea na kuingia kila mahali.

2. JE, KIMEKUFA KWELI?

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha ugonjwa. Mara nyingi kichomeo kinasingiziwa bure. Fanya hivi:

(a) Jaribu CD tupu za aina nyingine. Kuna CD mbovu madukani. Kichomeo kizima kitashindwa kuzichoma.

(b) Jaribu kusoma CD tatu au nne tofauti. Kama inashindwa moja tu, ubovu uko katika CD hiyo.

(c) Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani. Kisha angalia nyaya za kichomeo kama zimelegea. Gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme mdogo wa mwilini usiunguze vifaa.

(d) Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono. Usipulize kwa mdomo, maana mate yanaruka. Usimwage maji wala mafuta ya taa.

(e) Kama sahani ya kichomeo haifunguki na CD imenaswa ndani, tazama usoni pake. Vichomeo vingi vina tundu dogo kama la sindano. Kompyuta ikiwa imezimwa, ingiza pini iliyonyooshwa, sukuma taratibu, na sahani itatoka.

ANGALIZO: Usifungue kichomeo chenyewe na kuchungulia leza huku umeme unapita. Mwanga wake unaweza kuharibu macho, hata kama huuoni.

Kuna dalili moja ambayo inawachanganya wengi. Kichomeo kinasoma CD vizuri, lakini kinakataa DVD. Au kinyume chake. Watu wanasema, "Hiki hakijafa, kinachagua." Sababu ni hii: kazi ya CD na kazi ya DVD zinatumia leza mbili tofauti. Moja inaweza kufa na nyingine ikabaki hai. Vile vile kuchoma kunahitaji leza yenye nguvu kuliko kusoma. Leza iliyozeeka inaweza kuendelea kusoma huku imeshindwa kuchoma. Likumbukeni jambo hili. Litatusaidia tutakapofika dukani.

3. KIPI KINAINGIA KATIKA KOMPYUTA YETU?

Vichomeo havifanani. Ukinunua kisichoingia, umenunua jiwe. Ziko aina tatu kubwa.

Aina ya kwanza: cha ndani ya kompyuta ya mezani. Hiki ni kipana, kama tofali jembamba. Hapa tazama waya unaopeleka habari. Kama waya huo ni mpana kama mkanda, wenye mdomo wa matundu 40 katika safu mbili, hiyo ni aina ya zamani, iitwayo IDE. Kama waya ni mwembamba, na mdomo wake mdogo una kona kama herufi L, hiyo ni aina ya baadaye, iitwayo SATA. Waya wa umeme nao ni tofauti: ule wa IDE una pini nne nene, ule wa SATA ni bapa na mpana. Waya wa IDE hauingii katika kichomeo cha SATA. Usikubali fundi akuambie "italazimika kuingia."

Aina ya pili: cha ndani ya kompyuta ya mapajani. Hiki ni chembamba. Vipo vya unene wa milimita 12.7 na vya milimita 9.5. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kinene hakiingii katika nafasi ya chembamba. Chukua rula upime. Tazama pia uso wake wa mbele, maana kila kompyuta ina umbo lake.

Aina ya tatu: cha nje, kinachochomekwa kwa waya wa USB. Hiki hakihitaji bisibisi. Unakichomeka kama unavyochomeka flashi. Kinaweza kuhama kutoka kompyuta ya katibu kwenda kompyuta ya mwalimu. Kwa kikundi, mara nyingi hiki ndicho kinachofaa. Ila kina sharti moja: kinakula umeme wa kompyuta yenyewe kupitia USB. Kikikosa umeme wa kutosha, CD inaharibika katikati ya kuchomwa. Kwa hiyo kichomeke moja kwa moja katika kompyuta, wala si katika kigawanyio chenye vifaa vingine vingi. Kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote viwili.

Ushauri wetu: ukienda mjini, nenda na kichomeo kilichokufa mkononi. Huwezi kukosea kitu unacholinganisha kwa macho. Kama huwezi kukibeba, piga picha kwa simu, mbele na nyuma.

4. NAMBA NA HERUFI ZA KWENYE BOKSI

Hapa ndipo elimu yetu ya kusoma inapolipa. Juu ya boksi utaona herufi nyingi. Tuzichambue.

CD-R ni CD inayochomwa mara moja tu. Ni kama chapa ya ng'ombe, haifutiki. CD-RW inaweza kufutwa na kuandikwa tena, kama ubao wa chaki. DVD nazo ni hivyo hivyo, lakini za kuchoma zina makundi mawili: DVD-R yenye alama ya kutoa, na DVD+R yenye alama ya kujumlisha. Chagua kichomeo kinachokubali zote mbili. Vingi vya miaka ya karibuni vinakubali.

Kisha utaona namba kama 16x, 24x au 48x. Hiyo ni kasi. Kasi ya 1x kwa CD ya muziki maana yake ni kwamba wimbo wa dakika moja unachomwa kwa dakika moja. Basi 16x ni mara kumi na sita ya hapo: CD ya dakika 80 inamalizika kwa dakika 5 hivi. Lakini jihadhari na namba kubwa. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi hufikiwa tu lenzi inapokaribia ukingoni. Tena haraka haraka haina baraka. Ukichoma kwa kasi ya juu kabisa, makosa huongezeka. Kwa CD kasi ya 16x mpaka 24x inatosha; kwa DVD, 8x. Kwa hiyo usilipe fedha zaidi kwa ajili ya namba kubwa tu.

Utaona pia neno Blu-ray. Hiyo ni aina ya diski inayobeba mzigo mkubwa zaidi, na kichomeo chake ni ghali. Deki za kawaida za vijijini hazisomi diski hizo. Kwa kwaya au kwa harusi, achana nacho.

Na programu ya kuchomea? Usiuziwe. Kompyuta zenye Windows zimekuwa na uwezo wa kuchoma CD tangu Windows XP, na DVD tangu Windows Vista. Zenye Linux nazo hupata programu hizo bila malipo.

5. KIPYA, CHA MTUMBA, NA KILICHOPAKWA RANGI

Majina yanayofahamika kwa vichomeo ni LG, ASUS, Lite-On, Pioneer na Samsung. Jina zuri linasaidia, lakini jina peke yake halitoshi. Kwa nini?

Kwanza, biashara hii imepungua duniani. Kampuni kadhaa zimekwisha kuacha. Sony, iliyokuwa miongoni mwa walioanzisha CD, iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kuchoma mwezi Februari 2025. Bidhaa mpya zikipungua, vya mtumba vinajaa. Vichomeo vingi vilivyo mezani mjini vimetolewa katika kompyuta zilizokwisha kutumika miaka mingi ofisini.

Pili, kwa vile vya nje, kasha linaweza kuwa jipya linang'aa, huku ndani kuna kichomeo kuukuu cha kompyuta ya mapajani. Nje bibi harusi, ndani bibi kizee.

Kununua cha mtumba si kosa. Kosa ni kulipa bei ya kipya kwa kitu cha mtumba. Tazama dalili hizi:

(a) Matundu ya skrubu pembeni. Kama rangi imechubuka, kifaa kiliwahi kufungwa.

(b) Lebo ya juu. Vichomeo vingi vina lebo yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Soma mwaka huo. Kama lebo imebanduliwa au imekwaruzwa, kiweke chini.

(c) Sahani. Bonyeza kitufe mara tano. Itoke na kurudi bila kukwama wala kukoroma.

(d) Uzito na ufungaji. Mfuko uliofunguliwa na kugundishwa tena una hadithi yake.

6. MAJARIBIO MANNE

Ndugu, hapa ndipo kiini cha somo letu. Usinunue kichomeo bila kukijaribu. Beba diski nne kutoka nyumbani: CD moja yenye nyimbo, DVD moja yenye picha, CD tupu moja na DVD tupu moja. Zile mbili zenye nyimbo na picha zisiwe za pekee. Ziwe ambazo hutalia zikikwaruzwa. Kisha:

Jaribio la 1: Kisome CD.
Jaribio la 2: Kisome DVD.
Jaribio la 3: Kichome CD tupu.
Jaribio la 4: Kichome DVD tupu.

Kwa nini manne? Mnakumbuka tulisema leza ni mbili, na kuchoma ni kazi nzito kuliko kusoma. Muuzaji akikuonyesha wimbo mmoja unapiga, amekuonyesha jaribio moja tu. Bado matatu.

Katika jaribio la 3 na la 4, mwambie achague pia kazi ya KUHAKIKI. Hapo kompyuta inaisoma diski iliyochomwa na kuilinganisha na asili yake. Kisha lipo la kumalizia: diski ulizochoma zisomwe katika mashine NYINGINE, kompyuta ya jirani au deki. Kichomeo kilichopinda kinaweza kusoma kazi yake chenyewe, huku wengine wote wanashindwa. Ni kama mtu mwenye mwandiko unaosomwa na yeye tu.

Majaribio yote yanaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Nenda mapema, siku isiyo na haraka. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

7. MAZUNGUMZO DUKANI

Tusome mfano huu. Mama mmoja, katibu wa kwaya, amefika kwenye duka la vifaa vya kompyuta mtaani Ngarenaro. Wawili wasome kwa kupokezana.

MUUZAJI: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Habari za kazi?

MUUZAJI: Nzuri tu mama. Karibu. Unatafuta nini?

MAMA: Natafuta kichomeo cha DVD cha kompyuta ya mezani. Kile kilichokufa ni hiki hapa.

MUUZAJI: Aa, hiyo ni SATA. Vipo. Chukua hiki, kipya kabisa, hakijaguswa.

MAMA: Hebu nikitazame. Mwanangu, mbona hapa kwenye skrubu pamechubuka? Na lebo inasema kilitengenezwa mwaka 2012.

MUUZAJI: (Anacheka) Mama una macho! Haya, kweli kimetoka kwenye kompyuta nyingine. Lakini ni kizima.

MAMA: Kuwa cha mtumba si neno. Bei nayo iwe ya mtumba. Tena tukijaribu kwanza. Nimekuja na diski zangu nne.

MUUZAJI: Nne zote mama? Si tutakesha hapa?

MAMA: Fedha hii si yangu, ni ya watu ishirini na watano. Nikirudi na kitu kibovu nitawaambia nini?

(Wanajaribu. CD inasomwa. DVD inasomwa. CD inachomwa vizuri. DVD inafika katikati, inakwama.)

MUUZAJI: Labda hiyo DVD yako ndiyo mbovu.

MAMA: Inawezekana. Chukua ya kwako basi, ya aina nyingine.

(Ya pili nayo inakwama.)

MUUZAJI: Hapa sina la kusema mama. Kumbe kimechoka. Ngoja nikuletee kingine.

(Cha pili kinapita majaribio yote manne. Diski zinasomwa pia katika deki ya jirani.)

MAMA: Hiki sawa. Bei ya mwisho?

MUUZAJI: Tutaelewana mama.

MAMA: Tuelewane, na uniandikie risiti. Uandike na namba ya kifaa, na kwamba kikifa ndani ya mwezi mmoja unanibadilishia.

Tutazame alichofanya mama huyu. Hakugombana. Hakumwita kijana mwizi. Aliuliza, alisoma lebo, alijaribu. Muuzaji aliposingizia diski, alikubali kujaribu nyingine, maana ingeweza kuwa kweli. Mwisho wote wawili waliagana kwa amani.

8. HESABU: KIPI NI RAHISI?

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kwa ajili ya mazoezi.

Kikundi kinataka CD nzuri 100. CD tupu moja ni shilingi 1,000.

Kichomeo A ni kipya, shilingi 70,000. Kinaharibu CD 2 katika kazi yote. Kwa hiyo watanunua CD 102.
70,000 + 102,000 = shilingi 172,000.

Kichomeo B ni kibovu kidogo, shilingi 30,000. Kinaharibu CD moja katika kila tatu. Ili wapate nzuri 100, lazima wanunue CD 150.
30,000 + 150,000 = shilingi 180,000.

Mmeona? Kile kilichoonekana rahisi kwa shilingi 40,000 kimekuwa ghali kwa shilingi 8,000. Na bado hatujahesabu muda wa mchomaji na aibu ya kuwapa watu CD zinazokwama.

Lakini msikimbilie kusema kipya ndicho bora siku zote. Kama kikundi kinataka CD 10 tu, hesabu inageuka. Fanyeni wenyewe muone. Na kama kazi yenu ni kusoma CD za zamani na kuzihamisha tu, kichomeo cha mtumba kinachosoma vizuri kinaweza kuwatosha. Pengine hata kununua si lazima: azimeni cha jirani kwa siku moja, au mlipeni fundi awahamishie mkiwa hapo hapo.

9. RISITI NA HAKI YAKO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ununuzi bila risiti ni hivyo hivyo. Mashine za kutoa risiti za kodi, ziitwazo EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Ukinunua, dai risiti. Risiti iandikwe jina la kifaa, namba yake, bei, tarehe na muda wa dhamana. Neno la mdomo, "kikifa kirudishe tu," halina miguu ya kusimama siku ya ugomvi.

Ukiuziwa kitu feki chenye jina la kampuni isiyokitengeneza, chombo kinachoshughulikia bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, inayofahamika kwa herufi FCC. Iliundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Haki ina pande mbili. Nyimbo za kwaya yenu ni mali yenu. Nyimbo za msanii mwingine si zenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazuia kuchoma na kuuza kazi ya mtu bila ruhusa yake. Na mkitaka kuuza CD zenu wenyewe, pitieni kwanza ofisi ya TRA muulize taratibu za kodi na stempu.

10. UKISHAFIKA NYUMBANI

Usianze na kuchoma CD mpya. Anza na kuokoa za zamani. Chukua ile ya pekee kabisa, yenye sauti ya mzee, uihamishie katika kompyuta. Kisha weka nakala nyingine katika flashi, na flashi hiyo ikae nyumba nyingine. Mkulima mwenye busara haweki mbegu yote katika debe moja, maana panya akilipata debe hilo, msimu umekwisha.

CD ikikwama kusomwa, ifute kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Jaribu pia katika kichomeo kingine. Diski iliyokataliwa na mashine moja mara nyingine hukubaliwa na nyingine. Usiitupe upesi.

Unapochoma CD ya kupigwa katika deki za zamani, chagua CD YA MUZIKI, kwa sababu deki nyingi za zamani hazifahamu mpangilio mwingine. Kisha FUNGA diski mwisho wa kazi, yaani iambie programu kwamba hakuna kitakachoongezwa. Isipofungwa, deki inaweza kuikataa. Andika jina la CD kwa kalamu laini ya wino, usitumie kalamu ngumu ya risasi au ya chuma. Upande wenye maandishi ndio ulio karibu zaidi na alama za CD. Ukikwaruzika huo, hakuna kufuta wala kusugua kutakakosaidia. Weka CD ndani ya kasha lake, mbali na jua na jiko.

Kichomeo nacho kifunike kwa kitambaa kisipotumika, hasa miezi ya kiangazi vumbi linapotimka.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kichomeo: mashine ya kusoma na kuchoma CD na DVD.
Leza: mwanga mkali unaosoma na kuchoma alama.
Lenzi: kioo kidogo ambamo leza hupita.
Kuhakiki: kulinganisha nakala na asili yake.
Dhamana: ahadi ya muuzaji ya kubadilisha au kutengeneza kifaa kikiharibika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini jaribio moja halitoshi wakati wa kununua kichomeo?
2. Taja dalili tatu zinazoonyesha kwamba kifaa si kipya.
3. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 8 kwa CD 10. Tuseme kichomeo A hakiharibu hata moja, na B kinalazimisha kununua CD 15. Kipi ni rahisi?
4. Katika nyumba yako, ni CD au DVD ipi isiyo na nakala? Nani mwenye sauti iliyomo?

KAZI YA WIKI HII

Kila mwanakikundi aorodheshe katika daftari CD na DVD zilizomo nyumbani kwake: jina, mwaka, na kama inasomeka au haisomeki. Weka alama ya nyota mbele ya zile za pekee. Kikundi kikutane, kipange zianze zipi kuokolewa, na kiamue kama kuna haja ya kununua kichomeo au kuazima.

Tahadhari kabla ya athari. Kazi njema, ndugu.